Fidia ya kidole changu: kilichokwamisha ni nafasi moja tupu

Mashine ilinibana kidole cha shahada kiwandani, Industrial Area, Nairobi, na faili la fidia likalala miezi saba. Nilipiga simu hadi nikachoka. Nilitembea kwa miguu kutoka Mukuru mara nne, nikiambiwa "inashughulikiwa". Rafiki akanishauri nitafute wakili. Nikaona ada yake ingemeza nusu ya pesa.

Siku moja nikaomba nakala ya fomu ya ajali nikaisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Upande wa mwajiri ulikuwa sawa. Upande wa daktari aliandika "anaendelea na matibabu", na pale pa asilimia ya ulemavu wa kudumu hapakuwa na kitu. Bila namba hiyo hakuna hesabu, kwa kuwa WIBA, sheria ya Kenya ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, huchukua mshahara wa miezi 96 na kuuzidisha kwa asilimia hiyo.

Nikarudi kliniki kidonda kikiwa kimepona. Daktari akanikunjisha kidole, akaandika asilimia 5, sahihi, muhuri. Yaani mishahara ya miezi 4.8. Nikapeleka ofisi ya leba, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tangu dai liwasilishwe, mwenye kulipa ana siku 90; yangu ililipwa siku ya 71.

Mwenye jeraha kama langu, usingoje hadi mwaka uishe: dai hutakiwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Malipo ya muda, yale unayopata ukiwa nyumbani huwezi kufanya kazi, nayo hayavuki miezi 12.