Jiwe la Baba

Jumamosi, Agosti

Nimeshuka kilimani saa nne asubuhi, raba zimejaa vumbi, na kuna jambo limenikaa kooni. Naandika kabla sijaoga.

Tangu mwaka jana nimejiwekea utaratibu: kila Jumamosi napanda kilima kimoja cha Mwanza. Nimepanda Isamilo, nimepanda Capri Point, siku moja nikavuka kwa boti hadi Saanane, nikafika Jiwe Kuu huku pimbi wakinitazama bila woga. Kwenye mwamba wa katikati ya mji, penye nyumba ya Gunzert, mkuu wa wilaya wa enzi za Wajerumani, nilikaa muda mrefu. Ukisimama pale unaelewa mara moja kwa nini walipachagua. Chombo kikiingia ghubani, umekiona kabla hakijatia nanga. Hata hivyo Julai 1916 Waingereza waliuchukua mji, mwamba na yote yaliyo juu yake.

Mwezi wenyewe ni Agosti. Tarehe 3 Agosti 1858, Speke, mpelelezi Mwingereza, alisimama juu ya kilima upande wetu huu, akalitazama ziwa, akaamua kuwa hapa ndipo Nile inapoanzia. Hakukaa, baada ya siku chache alianza safari ya kurudi Kazeh, Tabora ya leo. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India. Mimi nikipanda humfikiria Bombay zaidi. Mtu aliyevushwa bahari kwa nguvu, akarudi, akatembea hadi huku, ghafla mbele yake maji hayana mwisho.

Lakini leo sikwenda kwenye vilima vya historia. Nilikwenda cha kwetu, nyuma ya Mabatini, nilikokulia. Nilikuwa na matobolwa mfukoni, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na chupa ya maji. Njia ni ileile: ngazi za saruji zinapita kati ya nyumba na nyumba, unainama chini ya kamba za nguo, unasalimia kila mlango, halafu nyumba zinaisha na mawe yanaanza. Nilipokuwa mdogo niliamini majitu ndiyo yaliyapanga, moja juu ya jingine. Baadaye nilisoma kwamba hakuna aliyeyapanga. Graniti hii ilikuwa chini ya ardhi, maji yakapenya kwenye nyufa zake, sehemu zilizolegea zikaoza zikawa udongo, mvua ikaubeba udongo polepole. Yaliyobaki ni viini vigumu, vimekaa palepale vilipokuwa tangu mwanzo. Tangu niyajue hayo nayapenda zaidi.

Karibu na kileleni nilisikia nyundo.

Alikuwa mama mmoja wa makamo, amekaa kwenye kivuli cha turubai, mguu mmoja amekunja, mwingine amenyoosha. Mkono wa kushoto alishika pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi. Jiwe analiweka ndani ya pete, anapiga, vipande vinabaki humohumo, havirukii usoni. Pigo tatu, anamwaga pembeni, anaweka jingine. Kucha ya dole gumba ilikuwa nyeusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwangaluka."

"Mwangaluka mhola."

Akacheka kusikia ninaitikia kwa Kisukuma. Nikampa matobolwa, akasogeza ndoo nikakaa juu yake. Akanieleza kazi. Vijana wanawasha tairi kuukuu juu ya mwamba, moto unakaa hadi jiwe la juu livimbe kwa joto wakati la ndani bado ni baridi, linaachana kama ganda la kitunguu. Kisha wanaingiza mtalimbo. Wao kina mama wanaponda. Wanauza kwa ndoo. Ana wajukuu wawili nyumbani, na ada zinatoka hapa.

"Wamefika wapi?" nikauliza.

Akaonyesha kwa kidevu. "Wamefika kwenye lile kubwa. La chini limekwisha."

Lile kubwa ni jiwe la baba. Kwetu tuliliita hivyo kwa sababu ndiko alikotupeleka Jumapili jioni, anatushika kwapani na kutupandisha mmoja mmoja. Juu yake kuna shimo dogo, mviringo kama bakuli, maji ya mvua hubaki humo. Baba alikuwa anachovya vidole, anatupaka kwenye paji la uso, basi, anakaa kimya kutazama ziwa. Amefariki miaka 9 sasa.

Nilikwenda kuliona. Upande wa mashariki haupo. Palipokuwa na mgongo pamebaki ukuta mweusi wa masizi, na nyaya za tairi zimetapakaa chini kama nywele. Nilikasirika hadi mikono ikatetemeka, na sikuwa na wa kumkasirikia. Mwaka jana nilimwaga zege la sakafu ya nyumba yangu Buhongwa. Nilinunua tripu mbili za kokoto. Sikumuuliza dereva zimetoka kilima gani, niliuliza bei tu.

Nikapanda kwa upande wa magharibi, ambao bado mzima. Mjusi mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu alikuwa anaota jua, akanipisha. Ziwa lilikuwa na ukungu, Saanane inaonekana kwa shida, kivuko cha Kamanga kinakwenda taratibu. Bakuli lipo. Kiangazi hiki ni kavu, lina vumbi na majani mawili. Nikamimina maji ya chupa yangu, nikachovya vidole.

Wakati wa kushuka nilimtwisha mama ndoo yake, nikamuuliza moto utafika lini upande ule. Akasema inategemea wateja, labda kabla ya vuli.

Binti yangu ana miaka 6. Jumamosi ijayo nampeleka, jua halijachomoza, nimshike kwapani nimpandishe.