Mbiu iliyolia pasipo jambo

Yote yalianza kwa uvivu. Kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta mchana kutwa, na nilikuwa na mazoea mabaya ya kufungua tovuti za habari kila baada ya dakika chache, eti niangalie kama kuna jipya. Mara nyingi halipo. Lakini ukishaingia hutoki: unasoma kichwa kimoja, unabofya kingine, nusu saa imekwenda na kazi iko palepale. Nikawaza, kwa nini habari isije yenyewe ikabisha hodi pale inapokuwa mpya, nami niendelee na shughuli zangu?

Wikendi mbili zilitosha. Niliandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, mistari kama 90 hivi, programu inayosoma milisho ya RSS ya tovuti 14 ninazozipenda. Kwa asiyeijua RSS: ni faili la maandishi ambalo tovuti huliweka mahali pake maalumu, na ndani yake mna vichwa vya habari za karibuni, viungo vyake na saa zilipotolewa. Kitu cha mwaka 1999 hicho, kilianzia Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, na toleo la 2.0 ambalo bado linatumika sana ni la 2002. Google Reader, huduma ya kusomea milisho hiyo, ilipofungwa Julai 2013 wengi walidhani RSS imekwenda na maji. Wapi! Hata podikasti nyingi unazosikiliza leo husambazwa kwa mlisho huohuo. Basi programu yangu ilikuwa inayapitia mafaili hayo kila dakika moja. Ikiona kitu kipya, kijidirisha kinachomoza pembeni chini kulia, kinakaa sekunde 5, kinatoweka.

Nikaiita Mbiu. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, nikaona jina limekaa mahali pake. Sikujua lingekuja kunisuta.

Kwa miezi miwili niliitumia peke yangu bila tatizo. Kisha nikaingiwa na kiherehere cha kuwagawia wengine.

Watu saba wa mwanzo walikuwa ndugu na marafiki, na hakuna kati yao mwenye Python kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo nilifunga kila kitu ndani ya faili moja la .exe, lile la kuwashia programu kwenye Windows, kwa kutumia zana iitwayo PyInstaller. Mistari 90 ikageuka faili la megabaiti zaidi ya 20. Nikalituma kwa mbwembwe, na ndani ya saa moja simu zikaanza. Mmoja kompyuta yake ilimwonya kuwa mchapishaji hajulikani. Mwingine antivirusi yake ilikuwa imeshalifuta hata kabla hajalifungua, akaniuliza kwa upole kama kuna ugomvi wowote kati yetu. Nilipofuatilia nikaelewa: faili lisilo na saini ya kidijitali, tena ambalo halijapakuliwa na watu wengi, hutazamwa kwa jicho la wasiwasi. Isitoshe, PyInstaller hutumiwa pia na watengenezaji wa virusi, na faili lake moja hujifungua kwenye folda ya muda kila linapowashwa, tabia ambayo antivirusi haiipendi. Nilichofanya ni kuacha faili moja na kutuma folda nzima iliyobanwa, na msimbo wenyewe nikauweka pembeni, anayetaka kuusoma ausome. Malalamiko yalipungua. Hayakuisha.

Halafu kikaja kimya. Nilikuwa nimewaandikia, "Jaribuni, mnipe maoni." Nikapata "Safi sana," nikapata "Hongera," nikapata vidole gumba vitatu. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Wiki ya pili nikampigia kila mmoja, kumbe katika saba, wanne hawakuwahi kuifungua hata mara moja, na wawili waliifungua wakaifunga siku hiyohiyo. Alikuwa amebaki shemeji yangu peke yake, na nadhani alibaki kwa sababu ya undugu.

Kosa lilikuwa langu. "Unaionaje?" ni swali lenye jibu moja ukimuuliza mtu anayekuheshimu: atasema nzuri. Nikabadilisha. Nikaanza kuuliza, "Mara ya mwisho ilikukera lini, na ulikuwa unafanya nini?" Hapo ndimi zikafunguka. Na penye nafasi niliomba kukaa kando ya mtu nimwangalie akiiwasha, mikono yangu nikiwa nimeikunja nisije nikashika kipanya chake.

Wa kwanza kumkalia kando alikuwa shemeji. Akaifuta kabisa, akaisakinisha upya, akaiwasha. Sitasahau. Kijidirisha kikachomoza, kikafuatwa na cha pili, cha tatu, vikapandana kama vigae hadi juu ya skrini. Shemeji anatafuta alama ya kufungia. Akifunga kimoja, vinachomoza viwili. Nilihesabu 47. Alipotulia akanigeukia: "Shemeji, hii mbiu yako mbona inalia hata pasipo na jambo?"

Sikuwa na la kujibu. Kwangu haikuwahi kutokea kwa sababu hifadhidata yangu, yaani orodha ya habari ambazo programu imeshaziona, ilikuwa imejaa tangu siku ya kwanza. Kwa mtu mpya, kila habari iliyomo kwenye mlisho, hata ya wiki iliyopita, ilikuwa "mpya". Marekebisho yalikuwa mistari mitatu: mara ya kwanza programu isome kila kitu kimyakimya, iandike kwamba imeshaviona, ndipo ianze kusubiri kijacho.

Palepale tukagundua lingine. Habari moja ilimjia mara tatu. Nilikuwa nikitambua habari kwa kichwa chake, na wahariri wana desturi ya kukigusagusa kichwa baada ya kuchapisha: wanasahihisha jina, wanaongeza idadi. Kwa programu yangu hizo zilikuwa habari tatu. RSS ina kipengele kinachoitwa guid, kitambulisho cha kila habari, nami nilikipuuza kwa kuwa si milisho yote inayo. Sasa ninakitumia kikiwepo. Kisipokuwepo ninatumia kiungo, baada ya kukata yote yanayofuata alama ya kuuliza, maana huko ndiko kunakobandikwa mikia ya ufuatiliaji inayobadilika kila mara.

Malalamiko ya pili yalitoka kwa dada mmoja niliyewahi kufanya naye kazi. Alikuwa akiwasilisha ripoti mbele ya mabosi wake, slaidi zinaonekana ukutani, na pembeni chini kulia, kwa herufi nzuri nilizozichagua mwenyewe, kukatokea: "Dalili 10 kwamba wakati wa kuacha kazi umefika." Alinisimulia akicheka, lakini nadhani siku yenyewe hakucheka. Hapo ndipo nilipoona upuuzi nilioufanya tangu mwanzo. Kijidirisha changu nilikichora mwenyewe, kwa fahari, badala ya kutumia arifa za mfumo endeshi. Kwa hiyo mtu akiwasha "usinisumbue" kwenye mipangilio yake, kila programu inatii isipokuwa yangu. Nikakitupa. Windows ina njia yake ya arifa, na tena ndani yake mna kijiprogramu kiitwacho SHQueryUserNotificationState ambacho programu inaweza kukiuliza kama mtu yuko katikati ya wasilisho au skrini yake imejazwa na kitu kimoja. Kwenye Linux, amri ya arifa iitwayo notify-send inatosha. Arifa zangu hazipendezi tena kama zamani, zinafanana na za wengine wote. Nilisikitika siku mbili hivi.

Kulitupa dirisha lile kulimsaidia pia mwalimu wangu wa zamani, mama wa makamo ambaye macho yake si ya jana. Aliniambia, "Mwanangu, hiki kidude chako kinaniaga kabla hatujasalimiana." Sekunde 5 kwake zilikuwa za kutafuta miwani. Kwa arifa za mfumo aliweza kuuongeza muda mwenyewe kwenye mipangilio, na asichokiwahi anakikuta kwenye orodha baadaye. Ni yeye pia aliyenionyesha jambo ambalo mimi, Mswahili, nilipaswa kuliona kwanza. Arifa iliandika "Saa 9:15". Akaniuliza, "Habari ya saa tisa imefikaje hapa, na sasa hivi ni saa nne asubuhi?" Nilikuwa nimemwandikia kwa Kiswahili, saa nikaziacha za Kizungu! "Niwie radhi, Mwalimu," nikamwambia, na tangu hapo Mbiu inaandika "dakika 45 zilizopita". Nalo hilo lina vituko vyake: kuna tovuti zinazokosea ukanda wa saa kwenye mlisho, kwa hiyo kwa muda fulani watumiaji wangu walikuwa wakipokea habari ambazo zingetokea saa tatu baadaye. Sasa muda ukiwa wa mbele, programu inauandika "sasa hivi" na kunyamaza.

Aliyenitia aibu zaidi ni kijana anayetumia intaneti ya simu kwenye kompyuta yake ndogo. Alisema bando lake linaisha haraka tangu aniunge mkono. Nikakaa na kikokotoo. Milisho 14, kila dakika, kwa saa 8 za kazi: maombi 6,720. Mlisho mmoja kwa wastani wa zile nilizozipima ulikuwa kama kilobaiti 80. Ukizidisha unapata zaidi ya megabaiti 500 kwa siku, na karibu zote ni za kupakua kitu kilekile kilichopakuliwa dakika moja kabla. Dawa yake ipo zamani, ni mimi tu niliyekuwa siijui. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hutuma na mlisho alama iitwayo ETag. Safari ijayo unairudisha ndani ya ombi lako, kwenye sehemu iitwayo If-None-Match, na kama hakuna kilichobadilika seva inakujibu 304, yaani hakuna jipya, bila mzigo wowote. Nikaongeza pia muda kutoka dakika 1 hadi 20. Hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba habari zinachelewa, jambo lililonifanya nijiulize ile dakika moja nilikuwa namfanyia nani. Na kwa kuwa nakala zote zilikuwa zikipiga hodi kwenye seva kwa wakati mmoja, nikaweka kuchelewa kwa kubahatisha. Tovuti moja ilikuwa imeshaanza kunijibu 429, yaani umezidi kuomba, na ilikuwa na haki.

Maombi ya kuongeza vitu yalikuwa mengi: hali ya hewa, matokeo ya mpira, sauti ya tarumbeta (huyo alikuwa anatania, natumaini), rangi nyeusi. Nilikataa karibu yote. Nilikubali mawili: maneno ya kuzuia, mtu aandike "udaku" na vichwa vyenye neno hilo visimfikie; na kukusanya habari ziletwe kwa pamoja mara moja kwa saa. Hilo la pili nililipinga kabisa, nilihisi linaua maana ya Mbiu. Leo watumiaji wengi niliowauliza wanatumia hilo, na mimi mwenyewe pia.

Rafiki mmoja alinishauri niifanye programu initumie taarifa za matumizi yenyewe, nisihangaike kumpigia kila mtu. Nilikataa; sikutaka kujua watu wanasoma nini. Badala yake niliweka kitufe cha kunakili kumbukumbu za hitilafu, mtu azione kwanza kisha azitume akipenda. Nashukuru aliyetuma za kwanza alizisoma kabla, maana alikuta mlisho wake wa kulipia, na ufunguo wake wa siri ukiwa ndani ya anwani waziwazi. Alifuta ule mstari akanieleza. Siku hiyohiyo nilirekebisha, anwani zote zikakatwa mikia kabla ya kuandikwa popote.

Idadi ikafika watu 23, malalamiko yakapungua, nikaanza kudhani nimemaliza. Kisha asubuhi moja shemeji akapiga simu.

"Shemeji, duniani kuna amani siku hizi?"

"Kwa nini?"

"Mbiu ina siku mbili haijasema kitu."

Tovuti anazozifuata yeye zilikuwa tatu tu, na moja ilikuwa imehamisha mlisho wake, ya pili imeufunga, ya tatu inaleta ukurasa wa kawaida wa tovuti (HTML) palipokuwa na mlisho. Mimi, kwa kuogopa kumsumbua, nilikuwa nimeandika kwamba hitilafu yoyote imezwe kimya. Mbiu ilikuwa imewaka, alama yake iko pale chini, haina inachosoma. Angeijuaje tofauti?

Jioni ile niliongeza mstari mmoja mdogo wa kijivu unaoonekana ukisogeza kipanya juu ya alama: "Imekagua dakika 4 zilizopita, milisho 14 kati ya 14." Kwa shemeji siku ile ulisoma 0 kati ya 3. Tukatafuta anwani mpya pamoja kwenye simu, yeye akiandika, mimi nikimtajia herufi.