Barua ya Kazi Kutoka kwa Mteja Usiyemjua

Anayejipatia riziki kwa kazi ya kujitegemea, awe mfasiri, mhariri, mchoraji au mtengenezaji wa tovuti, hatimaye hupokea barua pepe kutoka kwa mtu asiyemfahamu hata kidogo, ikimpa kazi ambayo hakuiomba. Wako wenzangu wanaozifuta barua hizo bila kuzisoma, na wako wanaozijibu papo hapo kwa kutaja bei na tarehe ya kukabidhi. Mimi sifuati njia yoyote kati ya hizo mbili. Baadhi ya wateja ninaowathamini zaidi walinijia hivyo hivyo, bila kujulishwa na mtu, kwa hiyo kuzifuta zote ni kujinyima riziki. Lakini utapeli unaopita katika njia hiyo nao ni mwingi, na kuzikubali zote ni hatari. Msimamo wangu ni kwamba mfanyakazi wa kujitegemea hahitaji kuwa mpelelezi. Akiwa na masharti ya kazi yaliyo wazi, na akayashikilia kwa kila mteja bila kubagua, masharti hayo ndiyo yatakayomwonyesha anashughulika na nani.

Zamani tuliambiwa kwamba barua ya tapeli hujulikana kwa lugha mbovu. Kipimo hicho hakifai tena, kwani programu za akili mnemba huandika barua safi kwa lugha nyingi, ilhali mteja mwaminifu mwenye shughuli nyingi anaweza kuandika mistari miwili yenye makosa. Ninachotazama ni kama mwandishi anaijua kazi yangu. Anayesema amesoma makala fulani niliyoihariri, na anataka andiko lake lishughulikiwe vivyo hivyo, amenitafuta mimi. Anayeeleza kwa bashasha ukubwa wa bajeti yake bila kutaja huduma anayoihitaji huenda ameutuma ujumbe uleule kwa mamia ya watu. Kisha naitazama anwani yenyewe, hasa sehemu inayofuata alama ya @, kwa sababu jina la mtumaji linaloonekana juu ya barua linaweza kuandikwa vyovyote. Matapeli hupenda kusajili jina la tovuti linalotofautiana na la kampuni halisi kwa herufi moja au kistari. Tarehe ya kusajiliwa kwa jina la tovuti kwa kawaida ni taarifa ya wazi ambayo yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni, na jina lililosajiliwa mwezi uliopita halilingani na kampuni inayodai kuwa kazini kwa miaka 20. Shaka ikibaki, nachukua namba ya simu kutoka kwenye tovuti halisi ya kampuni, wala si ile iliyo katika barua, na kuuliza kama mtu huyo ni mmoja wao. Simu hiyo huwafaa na wao pia, maana mara nyingi hawana habari kwamba jina lao linatumiwa.

Jibu langu la kwanza ni fupi na la heshima, na halibadiliki kwa sababu ya ukubwa wa kazi. Ninauliza ni nani atakayetia saini makubaliano, ankara iandikwe kwa jina gani na anwani gani, ni kitu gani hasa kitakabidhiwa na lini, na nani ana mamlaka ya kukipokea na kukikubali. Ninaeleza kwamba mteja mpya hulipa arbuni, yaani sehemu ya malipo ya awali, kabla kazi haijaanza, na ninaomba mazungumzo mafupi ya simu au ya video. Mteja wa kweli huenda akajadili kiasi cha arbuni, au akasema kampuni yake hulipa siku 30 baada ya ankara, lakini hatashangaa kuulizwa. Tapeli hukwepa. Atasema yuko safarini, au anaumwa na hawezi kuzungumza kwa simu. Atakubali bei yoyote bila kuuliza swali hata moja. Au ataharakisha mambo kwa madai kwamba nafasi itachukuliwa na mwingine kabla ya jioni. Kukubali bei haraka mno hunitia wasiwasi kuliko kubishana juu ya bei, kwa kuwa anayebishana ana nia ya kulipa.

Utapeli unaostahili kuelezwa kwa kirefu ni ule wa malipo yaliyozidi, kwa sababu humnasa hata mtu makini. Mteja hukubali bei, kisha hutuma hundi yenye kiasi kikubwa kuliko walichopatana. Huja na sababu inayosikika vizuri: mhasibu amekosea, au fedha za ziada ni za mtu mwingine katika mradi huo, tuseme mpiga chapa, ambaye hapokei hundi. Anakuomba uchukue ujira wako na kumtumia huyo mwingine kilichobaki. Unaiweka hundi benki, siku chache baadaye unaona fedha zimeingia katika akaunti, nawe unatuma. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba fedha kuonekana katika akaunti hakumaanishi kwamba hundi imekubaliwa na benki iliyodaiwa kuitoa. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria huzitaka benki zimruhusu mteja kuzitumia fedha za hundi nyingi ndani ya siku chache, ilhali kugundulika kwamba hundi ni ya kughushi kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Hundi ikikataliwa, benki hukata kiasi chote katika akaunti yako, na zile fedha ulizotuma, ambazo zilikuwa zako halisi, zimekwisha kupokelewa na mtu asiyepatikana tena. Kwa hiyo sharti langu ni moja na sina hiari nalo: sipokei zaidi ya ankara, na sipitishi fedha za mtu kwenda kwa mwingine. Kilichozidi hurudi chote kwa njia ileile kilikotoka, kwa mkono wa benki, baada ya benki kuthibitisha kwa maandishi kwamba hundi imelipwa.

Malipo ya kadi nayo yana mlango wa nyuma. Mwenye kadi anaweza kuyapinga malipo kupitia benki yake, na kwa Visa na Mastercard muda wa kufanya hivyo katika hali nyingi ni siku 120. Katika PayPal, huduma ya kulipana mtandaoni, mnunuzi ana siku 180 za kufungua mgogoro. Tapeli anayelipa kwa kadi iliyoibwa hapati taabu yoyote mwenye kadi anapodai haki yake, bali wewe ndiye utakayerudisha. Mkataba, barua mlizoandikiana na uthibitisho kwamba kazi imepokelewa vinapaswa kuhifadhiwa muda wote huo.

Kuhusu viambatisho, sifungui faili la maelezo ya kazi lililotumwa na mtu ambaye hajajibu maswali yangu, hasa faili lililofungwa kwa nywila ambayo imeandikwa ndani ya barua hiyohiyo, kwa sababu nywila huzuia programu za ulinzi kulikagua. Mwaka 2022 mtandao wa Ronin, unaotumiwa na mchezo wa mtandaoni wa Axie Infinity, uliibiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600, na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ililitaja kundi la wadukuzi la Lazarus la Korea Kaskazini kuwa ndilo lililohusika. Waandishi wa habari waliofuatilia wizi huo waliripoti kwamba mhandisi mmoja alikuwa amepewa ahadi ya ajira isiyokuwepo na kupelekewa barua ya ajira katika faili la PDF lililobeba programu ya ujasusi. Programu kama hiyo haijali kama aliyefungua faili ni mhandisi wa kampuni kubwa au mfasiri anayefanya kazi peke yake.

Anayetaka nilipe kwanza ili nipewe kazi, iwe kwa jina la mafunzo, vifaa au usajili, simjibu mara ya pili. Wafasiri wana tahadhari nyingine ya ziada: wasifu wao huibwa, hubadilishwa anwani ya barua pepe tu, kisha hutumiwa kuomba kazi kwa jina lao. Ndiyo maana situmi wasifu kamili kwa mtu nisiyemjua. Namwelekeza kwenye tovuti yangu na sampuli chache.

Hubaki mteja ambaye ni mwaminifu kwa kila dalili ila hawezi, au hataki, kulipa arbuni kwa mtu asiyemjua. Namwelewa kabisa, kwani yeye pia ameandika kwa mgeni na ana hofu zake. Kwake naigawa kazi: sura ya kwanza, au ukurasa mmoja wa tovuti, kwa bei yake kamili na ankara yake, nayo ikilipwa ndipo sehemu inayofuata inaanza.