Jioni tuliyotazama Green Street kwa mzee wa chini

Mzee aliyekaa chini yetu pale Plaistow, mashariki mwa London, alikuwa na tikiti ya msimu ya West Ham tangu mimi sijazaliwa, na filamu za mpira hakuzipenda hata kidogo. Alisema zote ni zile zile: mtu anainua mguu, picha inakatwa, halafu unaonyeshwa nyavu zikitikisika. Mwanawe alipokuja na DVD ya Green Street, filamu ya wahuni wa West Ham, kiangazi cha mwaka 2006, mzee alikubali kuitazama kwa sharti moja, kwamba asiambiwe anyamaze.

Mimi na mwenzangu wa chumba, mtu wa Tanga, tulialikwa kwa ujirani, na nadhani pia kwa sababu ya bajia. Nilikuwa nimeshawazoesha. Mama wa nyumba aliweka mezani pai za nyama na viazi vya kuponda vilivyomwagiwa ule mchuzi wao wa kijani, chakula cha watu wa East End, nami nikaweka sahani ya bajia za dengu na bakuli la ukwaju. Mzee alichovya bajia kwenye ukwaju, akaipitisha kwenye mchuzi wa kijani, akaitafuna taratibu, kisha akaisogeza sahani upande wake.

Nyumba yenyewe ilikuwa bado na matanga. Mwezi Mei West Ham walicheza fainali ya Kombe la FA kule Cardiff, wakawa wanaiongoza Liverpool 3-2 hadi dakika za majeruhi, Gerrard akaachia lile kombora la mbali, na mwisho wakatolewa kwa penalti. Kwenye sebule ile jina la Gerrard lilikuwa halitajwi. Kwa hiyo filamu yoyote ambayo West Ham wanashinda chochote, hata ngumi za mtaani, ilikuwa na nafasi ya kupendwa.

Mtu mwingine pale sebuleni alikuwa rafiki wa mwanawe tangu utotoni, kijana wa Kipunjabi ambaye babake ana duka la vitambaa Green Street. Wasioujua mtaa ule wasidhani ni uwanja wa vita. Ni mtaa wa sari, dhahabu, mihogo na samaki wa kila namna. Mimi mwenyewe nilikuwa nikinunua bamia na nazi pale Queen's Market. Uwanja wa West Ham ulikuwa pale pale, mlango kwa mlango na maduka hayo, hadi timu ilipohama mwaka 2016. Sasa pamejengwa maghorofa ya kukaa watu.

Filamu ikaanza. Elijah Wood ni mwanafunzi wa Harvard aliyefukuzwa kwa kosa la mwenzake, anamfuata dada yake London, anaangukia mikononi mwa ndugu wa shemeji yake, ambaye ni kiongozi wa genge la wahuni wa soka liitwalo Green Street Elite. Kiongozi huyo anaigizwa na Charlie Hunnam. Alipofungua mdomo, mzee akachukua rimoti akasimamisha picha.

"Huyu ni mtu wa wapi?"

Mwanawe akasema Newcastle.

"Nilijua anatoka mbali," mzee akasema, "sikujua ni mbali hivyo."

Akabonyeza tena. Haikupita dakika, akasimamisha. Safari hii alikuwa anacheka kwa kukohoa, na mkewe jikoni akauliza kuna nini, akaitwa aje asikie, naye akaweka mkono kiunoni na kucheka. Kwa masikio yangu Hunnam alikuwa Mwingereza kama Waingereza wengine. Nilielewa tu nilipomfikiria mtu wa bara anayeigiza Kimvita kwenye mchezo wa redio: maneno yote yapo, na hakuna hata moja lililokaa mahali pake. Tangu hapo kila Hunnam alipotoa hotuba kali, yenye damu na heshima ndani yake, sebule nzima ilimfuatiza kwa lafudhi ile ile. Naye maskini Elijah Wood, kila alipopigwa teke walimwita Frodo, yule kijana mdogo aliyemwigiza kwenye The Lord of the Rings.

Mwanawe alitaka tuwe na adabu kidogo. Yeye filamu ile ilikuwa imemwingia. Alijua kwamba mwongozaji ni Lexi Alexander, mwanamke wa Kijerumani aliyewahi kuwa bingwa wa karate, na kwa hiyo ngumi zile si za kuigiza hovyo. Hilo la Ujerumani lilikuwa kosa kulisema mbele ya babake.

Mwenzangu wa Tanga alikuwa ametulia kimya muda wote, mtu wa Simba huyo, anayeweza kugombana na Yanga kuanzia asubuhi mpaka magharibi bila kunyanyua mkono. Akaniinamia akaniuliza kwa Kiswahili, "Sheikh, hawa wanagombania nini?"

Sikuwa na jibu. Nimekulia Mombasa, na habari za Gor Mahia na AFC Leopards nazijua: mawe huruka, viti huvunjwa, mabomu ya machozi hupigwa. Lakini sababu unaiona kwa macho. Refa ametoa penalti, au amekataa bao. Hapa wanapigiana simu, wanaulizana nyie mko wangapi, wanapangiana pahali ambapo hata mpira hauonekani, wanaumizana, kisha kila mtu anarudi kwake na Jumatatu anaenda kazini. Huyo Hunnam mwenyewe ndani ya hadithi ni mwalimu wa shule. Nilimuuliza mzee swali la mwenzangu. Mzee akasema wapigania kitu walikuwa wachache siku zote. Wengine wote walipigania kusimuliwa baa.

Palikuwa na pahali pamoja ambapo aliacha kucheka. Genge liko kwenye treni kwenda Manchester, wanapata habari kwamba wapinzani wanawangoja stesheni, Hunnam anavuta breki ya dharura, wanashuka njiani na kumaliza safari wamejificha ndani ya gari la mizigo. Mzee akasema habari za treni ni kweli. Genge la West Ham la miaka ya sabini na themanini lilijiita Inter City Firm kwa sababu hiyo hiyo: polisi walikuwa wakiziotea zile treni maalumu za mashabiki, kwa hiyo wao wakawa wanapanda InterCity za kawaida pamoja na watu wa ofisini, wamevaa vizuri, bila hata skafu. Walichapisha kadi, na waliyempiga walimwachia moja: hongera, umekutana na ICF. Mwanawe aliimalizia sentensi hiyo kabla ya babake. Na Cass Pennant je, aliyekuwa mmoja wa vinara wao, na mechi ya 1985 kati ya Luton na Millwall, mahasimu wakubwa wa West Ham, viti vilipong'olewa vikarushwa? Yote alikuwa nayo kichwani.

Nilimwangalia. Alikuwa anafanya kazi ofisini Canary Wharf, anakatwa tikiti yake ya msimu benki kila mwezi, na sidhani kama alishawahi kupiga mtu kofi. Na bado uso wake ulikuwa wa mtu anayetamani nyumbani. Nimeona wazee wanatamani enzi zao, hilo nalielewa. Kutamani enzi za mwenzio, tena sehemu yake mbaya, lilikuwa jambo jipya kwangu.

Babake alikuwa ameliona hilo pia, maana alibadilika. Akasema yeye anakumbuka mkojo. Mkojo ukitiririka kwenye ngazi za jukwaa, na uzio wenye ncha mbele yako, na askari wanaokusukuma kama ng'ombe. Akaitaja Heysel, uwanja wa Brussels, Mei 1985, watu 39 waliokufa kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus, na klabu za Uingereza zikafungiwa Ulaya kwa miaka. Halafu akaingia Hillsborough, ule uwanja wa Sheffield ambako mashabiki wa Liverpool walibanwa wakafa mwaka 1989, na hapo sauti ikapanda. Polisi walisema mashabiki wa Liverpool walikuwa walevi wakavunja mlango, na nchi ikaamini, kwa sababu watu walikuwa wameshazoea kwamba kila shabiki ni mhuni. "Hao unaowapenda wewe," akamwambia mwanawe huku akiionyesha runinga kwa uma, "ndio waliofanya uongo ule umezeke." Uchunguzi ulipokuja kuuanika uongo huo hadharani mwaka 2012, nilimkumbuka na uma wake. Watu 97 walipoteza maisha kwa msongamano ule.

Filamu ikaendelea bila kutazamwa sana. Tukafika pale ambapo kiongozi wa genge la Millwall anafichuliwa chanzo cha chuki yake: mwanawe wa miaka kumi na miwili aliuawa kwenye vurugu za zamani. Mama wa nyumba, amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, akauliza mtoto wa miaka kumi na miwili alipelekwa kufanya nini huko. Hakuna aliyemjibu.

Mapigano ya mwisho kando ya Mto Thames yalipoanza, picha ikapunguzwa mwendo na wimbo wa huzuni ukawekwa, mwanawe akajiinamia mbele. Ndipo yule kijana wa Kipunjabi akasema, bila kumlenga mtu, kwamba jina la mtaa wao wamelichukua, wao wenyewe wamekatwa.

Akaeleza. Siku za mechi babake alikuwa anashusha mlango wa chuma saa sita mchana, mechi ikianza saa tisa, na hafungui tena mpaka watu wameisha barabarani. Hizo zilikuwa siku ambazo wauza magazeti ya National Front, chama cha wabaguzi waliopinga wahamiaji, walisimama nje ya uwanja, na mwaka 1980 kijana wa Kipakistani alichomwa kisu akafa barabarani East Ham, mwendo mfupi tu kutoka pale. Siku moja babake alichelewa kufunga kwa sababu ya mteja. Wakapita vijana, wa upande gani hakujua, wakavunja kioo, wakaondoka na sanamu la dirishani. Lilikuwa limevikwa sari nyekundu ya bibi harusi, na sari hiyo ilikuwa imeshalipiwa arubuni.

"Nililiona," mzee akasema.

Mwanawe akasimamisha picha mwenyewe.

"Lilikaliswa kituo cha basi, Barking Road. Limefungwa skafu shingoni. Tulipita tukacheka mpaka tukachoka."

Yule kijana alimtazama muda, kisha akatoa simu akampigia babake, akaiweka sauti ya nje. Kipunjabi kikajaa sebuleni. Alikuwa anatufasiria kila kipande. Babake anauliza sari bado ilikuwepo? Ilikuwepo, mzee akasema, na dhahabu kwenye pindo. Babake anasema ndiyo yenyewe. Babake anauliza, duka halikuwa hata dakika tano kutoka kituo kile, kila mtu anajua ni la nani, kwa nini hakuna aliyelirudisha?

Mzee akaiangalia simu mezani, katikati ya makombo ya bajia.

"Mwambie tulikuwa tunaiwahi mechi."

Kijana akamfasiria hilo nalo, akasikiliza.

"Anauliza mlishinda?"

"Moja moja," mzee akasema pale pale. "Walisawazisha dakika ya mwisho."