Stendi ya kunyanyua mbele ya pikipiki: nilivyoichagua na ninavyoitumia nyumbani

Kama una Boxer au TVS yenye stendi kubwa, usipoteze hela yako kwenye kitu hiki. Isimamishe, pakia mfuko wa mchanga kwenye keria, na tairi la mbele litaelea. Mimi naendesha Suzuki SV650, ambayo imetoka kiwandani na stendi ya pembeni tu, na uzito wake unakaribia kilo 200. Sili (mpira unaozuia oili) ya shokapu ya kushoto ilipoanza kuvuja, kila nikivuka tuta pete ya oili na vumbi inabaki kwenye bomba la kromu, ilibidi shokapu zitoke zote mbili. Sasa pikipiki isimamie nini?

"Kaka, lete kreti mbili za soda na ubao, tumalize kazi," fundi wa mtaani kwetu alishauri.

"Hapo chini si ekzosi, fundi?"

Akainama, akachungulia bomba linalopita chini ya injini na filta ya oili iliyo mbele yake, akacheka. "Basi tuining'inize kwenye mwembe."

Wapo wanaofanya hivyo kwa mikanda ya kufungia mizigo, na inawezekana. Mimi sina mwembe.

Stendi za mbele ziko za aina mbili, na hapa ndipo watu wanaponunua wasichokihitaji. Ya kwanza ina mikono miwili yenye mpira inayokaa chini ya ncha za shokapu. Ni rahisi, nyepesi, na kama shida yako ni tairi, beringi za ringi au pedi za breki, inakutosha. Lakini huwezi kutoa shokapu wakati pikipiki imezikalia. Ya pili ina pini inayoingia kwenye tundu lililo chini ya shingo ya usukani, nyuma ya tairi, kwa hiyo inabeba fremu yenyewe na shokapu zinaning'inia bila mzigo. Nilichukua hiyo ya pili.

Kabla ya kulipa, lala chini na tochi uangalie hilo tundu. Kwenye baadhi ya pikipiki limezibwa kwa plastiki, kwenye nyingine honi au kiungio cha mpaipu wa breki kimekaa njiani, na nyingine hazina tundu kabisa. Kipenyo nacho hubadilika kati ya modeli na modeli, hata za kampuni moja. Mimi nilikuwa naingiza soketi za kwenye kiboksi changu moja baada ya nyingine, mpaka nikapata iliyoingia bila kucheza, halafu nikaipima kwa venia, kile kipimio cha vipenyo. Nilinunua stendi inayokuja na seti ya pini. Nilifikiria kuchomelea yangu mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, maana chuma kipo na mafundi wapo, ila pini lazima ikerezwe kwa kipimo hasa, na sikutaka kubahatisha kwenye sehemu inayobeba uzito wote. Stendi ya nyuma ndiyo niliyochomelea huko, na haijanisumbua.

Stendi ya nyuma inatangulia, siku zote. Ukinyanyua mbele wakati nyuma imeegemea stendi ya pembeni, pikipiki italala. Uwanja wangu umetandikwa pevingi juu ya mchanga wa Kigamboni, na magurudumu madogo ya stendi yanazama kwenye maungio, kwa hiyo natandaza plaiwudi nene kwanza. Tairi likiwa bado chini, nalegeza bolti za kalipa (kifaa kinachobeba pedi za breki), bolti zinazobana ekseli, na ekseli yenyewe. Nguvu ya kufungua nati ngumu uitumie pikipiki ikiwa imekanyaga ardhi, si ikiwa hewani.

Kisha usukani unanyooshwa, mtu mmoja anashika pikipiki kwa nyuma, mimi nasukuma stendi mpaka pini iingie yote, nahakikisha kwa macho, ndipo nakandamiza mpini taratibu kwa uzito wa mwili. Ikianza kupanda upande, shusha, anza upya.

Tairi likitoka, kalipa naifunga kwa waya, isining'inie kwa mpaipu wake, na kipande cha mbao nakichomeka katikati ya pedi. Mtoto akipita akabinya breki bila mbao hiyo, pistoni zinatoka nje. Jambo jingine: usipime ulegevu wa beringi za usukani kwenye stendi hii. Uzito wa pikipiki umekalia beringi ya chini, kwa hiyo hata iliyolegea itaonekana iko sawa.

Kurudisha si kugumu. Kabla ya kukaza bolti zinazobana ekseli, nashusha pikipiki, naibonyeza mbele mara kadhaa ili shokapu zikae sawasawa kwenye ekseli, ndipo nakaza kwa toki (nguvu ya kukazia) iliyoandikwa kwenye kitabu cha modeli. Halafu napampu breki ya mbele mpaka iwe ngumu, kwa sababu mibinyo ya kwanza haishiki kitu.

Pini naipaka grisi kabla ya kuihifadhi. Kwa hewa hii ya baharini, isipopakwa huanza kuota kutu mapema, na pini yenye kutu haiingii vizuri kwenye tundu.