Kitenge Nilichokikataa

Sahani ya sombe (kisamvu) na bukari (ugali) ndiyo iliyonitia matatani. Ilikuwa saa nane mchana, Januari, nje theluji hadi magotini, na mama wa mtoto niliyekuwa nikimfundisha nyumbani kwao alikuwa ameshanitengea mezani, sahani imefunikwa na sahani nyingine, moshi unatoka pembeni. Nikasema kama nilivyofundishwa: "Asante sana Mama, lakini kazini kwetu haturuhusiwi." Aliiangalia ile sahani, akaniangalia mimi, akauliza polepole:

"Unawaza miye niko mulozi?"

Mulozi ni mchawi. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, Tanzania, nimekua nikiwasikia Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa hiyo sikuhitaji mkalimani. Wiki iliyofuata alifuta vipindi vyote vitatu.

Nafanya kazi Marekani kama RBT, yaani fundi wa tabia aliyesajiliwa. Ni ngazi ya chini ya taaluma ya uchambuzi wa tabia: mafunzo ya saa 40, unapimwa kwa vitendo, unafanya mtihani, kisha unawekwa chini ya mchambuzi wa tabia ambaye lazima akusimamie angalau asilimia 5 ya saa zako kila mwezi. Yeye anapanga, wewe unakaa sakafuni na mtoto. Wateja wetu wengi ni watoto wenye usonji. Mji sitautaja, na mambo mawili matatu ya familia hii nimeyabadilisha kwa makusudi, maana Waswahili wa huku tunajuana mno.

Mtoto alikuwa na miaka 6, hasemi, na akibanwa anajiuma kiganja mpaka kinavimba. Nilipangiwa nyumba ile kwa sababu ya lugha tu. Kampuni nzima ilikuwa na Mswahili mmoja.

Lugha yenyewe ilianza kutusaliti siku ya kwanza. Fomu za ridhaa zilisomwa kwa mkalimani wa simu, mtu mwenye Kiswahili safi cha redio. Msimamizi wangu alitaka nitafsiri mimi, nikakataa. Fomu ile inampa mzazi haki ya kukubali, kukataa, hata kuisimamisha huduma wakati wowote, na mimi ni mmoja wa watu ambao angetaka kuwasimamisha. Mkalimani akaeleza kwamba mtaalamu amekuja "kuchambua na kubadilisha tabia ya mtoto". Mama akanyamaza, kisha akasema, "Mutoto yangu hana tabia mubaya."

Hapo ndipo nilipoona shimo. Kwetu mtu "hana tabia" maana yake hana adabu, hakulelewa. Mama alikuwa anaambiwa, kwa karatasi na muhuri, kwamba ameshindwa kulea. Nikaomba ruhusa ya kuongeza sentensi moja: tunaangalia anachofanya mtoto, kilichotokea kabla yake, na anachopata baada yake, ili tujue anataka kusema nini kwa kujiuma. "Aah," akasema, "munatafuta mudomo yake." Sijawahi kusikia maelezo bora ya kazi hii, na nimesoma mengi.

Kwa hiyo tulianza vizuri. Halafu ikaja sombe.

Baada ya vile vipindi kufutwa nilimwendea msimamizi na kumweleza yote. Yeye alisomea taaluma wakati kanuni zetu za maadili za 2016 zinatumika, na zile zilikuwa kavu: hakuna kupokea zawadi, hakuna kutoa, basi. Kanuni zilizoanza Januari 1, 2022 zimelegeza kidogo. Zawadi isizidi thamani ya dola 10, isiwe ya mara kwa mara, isikunufaishe kifedha, na ukipokea vidogo vidogo mfululizo navyo vinahesabika. Pia zinatutaka tuzingatie utamaduni wa tunaowahudumia. Tulikaa nusu saa tukijadili kama kikombe cha chai ni zawadi. Mtu wa nje angecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua sahani tatu kwa wiki ni kitu kingine kabisa na kikombe cha chai.

Na nilikuwa na jambo la kukiri. Wiki moja kabla ya sombe, mama alikuwa amesimama nyuma yangu wakati namfundisha mtoto kuomba kitu kwa kadi za picha. Kati ya nafasi 10 aliomba mwenyewe mara 4. Mkono wangu ulitaka kuandika 6. Niliandika 4, lakini mkono ulitaka, na wakati huo nilikuwa nimekunywa chai yake tu. Je, ningekuwa nimekula kwake mwezi mzima? Msimamizi hupandisha au kushusha malengo kwa namba ninazompelekea. Namba ya huruma ingemfanya yule mtoto afundishwe kitu ambacho hajakifikia, na matokeo yake ni kiganja kingine kilichovimba.

Tulirudi pamoja, msimamizi na mimi, na mkalimani kwenye simu. Lakini sehemu ya sombe niliomba niiseme mwenyewe. Nikamwambia: "Mama, kosa ni langu, nilikuambia sheria bila kukuambia sababu. Mtu aliyekula kwako anakuwa mgeni, na mgeni kwetu hafukuzwi. Siku nikimkosea mtoto wako nataka uweze kunifukuza bila kukumbuka sombe."

Hakunijibu. Aliondoka, akarudi na thermosi. "Basi chai. Chai haina deni." Msimamizi aliuliza amesema nini. Nilipomtafsiria, akaomba kikombe chake.

Ingekuwa chakula tu ningesema nimeshinda mapema, lakini Mswahili pekee huombwa kila kitu. Barua ya shule, barua ya bima, "dada nipeleke dukani, basi limechelewa". Nilimtafutia namba ya shirika linalohudumia wakimbizi, nikamwonyesha jinsi ya kuomba mkalimani kwenye simu kwa neno moja tu, "Swahili". Siku moja nilivunja mwenyewe utaratibu huo. Kulikuwa na barua ya mwenye nyumba, mama anatetemeka, nikaisoma. Kumbe ni taarifa ya kubadilisha mabomba. Nilimwambia msimamizi siku hiyo hiyo, akaandika, hakunigombeza.

Kanisani ndiko kulikonichosha zaidi, maana tunasali pamoja. Mtu ananishika mkono baada ya ibada: "Yule mtoto wa mama fulani anaendeleaje?" Jibu langu likawa, "Mtoto yupi?" na uso mkavu. Watu wakaanza kusema ninaringa. Nilikaa na mama tukapanga: kanisani tunasalimiana kama waumini wengine, yeye akitaka kusema habari za mwanawe aseme, mimi sisemi. Nikajitoa pia kwenye kikundi cha kuchangiana alichotaka niingie. Hilo liliniuma kuliko sombe, kwa sababu kile kikundi nilikihitaji.

Sikuwa nawakatalia nyumba ile tu. Mpango wa mtoto ulikuwa na lengo la kumfanya aangalie watu machoni kwa sekunde kadhaa. Kila nikilijaribu, anageuza kichwa, mkono unakwenda mdomoni. Mama akaniuliza kwa nini namfundisha mwanawe kumkodolea mtu mzima macho, na kwao hilo ni ujeuri. Nilipeleka swali lake kama lilivyo, pamoja na grafu ya kujiuma iliyopanda kila tulipogusa lengo hilo. Lengo likaondolewa. Badala yake tukaweka kadi mpya: "sitaki". Kanuni zinataka tutafute ridhaa ya mteja mwenyewe inapowezekana, hata asiyesema, na mtoto asiyekuwa na njia ya kukataa hawezi kukubali pia.

Kitenge kilikuja Desemba. Vipande sita, wax ya bluu yenye ndege, kimefika kwa mtu aliyetoka Bukavu. Sikuhitaji kupiga hesabu ya dola. Nilikishika, nikakisifia, nikakirudisha kwa mikono miwili. "Mama, siwezi." Alinitazama, mimi nikajiandaa kwa mulozi wa pili. Akakikunja tu, akasema atakiweka mpaka nitakapoacha kazi kwake. Nilimjibu kwamba hata siku hiyo itabidi niulize kwanza. Akaguna.

Wakati huo mtoto alikuwa mezani na fumbo la mbao tulilokuwa tumemtolea. Alilitazama, akapekua kadi zake, akachukua ya "sitaki", akaniwekea kiganjani. Hakujiuma. Nikaliondoa fumbo, nikaandika.

Mama alianza kucheka mpaka akakalia kile kitenge. "Mwalimu, na huyu naye umemufundisha kukatala!"