Ufunguo wa bibi

Jumamosi tulifanya zoezi la kukimbia mafuriko mtaani, na filimbi nilipewa mimi. Mti wa kupimia maji ulishasimikwa mtoni mwezi uliopita, tumeupaka kijani, njano na nyekundu. Maji yakifika kwenye njano napuliza mara tatu, watu wanapanda kilimani. Kwenye karatasi kila kitu kilinyooka.

Nikapuliza. Vijana wakatoka mbio na simu, wakaanza kunirekodi. Haya. Watoto ndio waliopanda kweli, wakubwa wakajikokota nyuma yao.

Nyumba ya mwisho anakaa bibi mmoja, magoti yamemchosha. Daftari langu lina vijana wawili wa kumbeba, na walifika mapema tu. Wakamkuta amejiandaa, kakaa kitini, mfuko wa dawa mapajani. Lakini mlango wa nondo una kufuli, na ufunguo ameondoka nao binti yake kazini. Humfungia kwa kuogopa wezi. Tukabaki tunatazamana naye kupitia nondo.

"Kwa hiyo maji yangenikuta huku mnanichungulia," akasema, akacheka. Mimi sikuweza.

Usiku ule nilikumbuka Armero, kule Colombia. Tarehe 13 Novemba 1985 volkano ya Nevado del Ruiz ililipuka, ikayeyusha barafu ya kileleni, na tope likachukua zaidi ya saa mbili kuufikia mji. Ramani ya hatari ilishachorwa wiki kadhaa kabla. Saa mbili! Wakafa watu zaidi ya 20,000. Halafu kuna kisiwa cha Simeulue, Indonesia, ambako hakukuwa na king'ora wala ramani. Wazee walikuwa na neno moja tu, smong, walilolirithisha tangu tsunami ya 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, usiulize, panda mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 walipanda. Katika watu wapatao 78,000, tsunami iliua 7.

Na sisi tuna filimbi, tuna rangi tatu, tukashindwa na kufuli.

Binti alisitasita kidogo, nami simlaumu, wezi wapo. Ila sasa ufunguo wa pili umetundikwa msumarini kwa jirani wa ukuta mmoja. Bibi naye ana sharti: zoezi lijalo lifanyike usiku wa manane, bila kutangazwa. Anataka kuona nani atapoteza muda kutafuta viatu.